Kiumbe wa kiroho katika maisha ya kibinadamu: maana yake

Kauli kwamba mwanadamu ni kiumbe wa kiroho anayeishi maisha ya kibinadamu husikika sana mimbarini na katika mihadhara ya wahamasishaji, aghalabu bila kufafanuliwa. Inadai kwamba asili ya mtu ni roho, na kwamba kuzaliwa, kula, kuoa, kuugua na kufa ni hali ambazo roho hiyo huzipitia kwa muda.

Dai hilo limefahamika kwa njia mbili zisizopatana. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba roho ilikuwako kabla ya mwili, na kwamba mwenye hekima hujizoeza kuachana na mwili huo hata kabla ya kufa. Kwa fikra hiyo, ubinadamu ni kizuizi.

Njia ya pili ni ya Biblia na Kurani. Mwanzo 2:7 inaeleza kwamba mtu alifanywa kwa mavumbi, akapuliziwa pumzi ya uhai, ndipo akawa nafsi hai. Yaani hakuwa mtu mpaka mavumbi na pumzi vilipokutana. Kurani nayo, katika sura ya Saad, inataja udongo kwanza, kisha kupuliziwa roho. Kuhusu roho yenyewe, Al-Israa aya ya 85 inasema kwamba ni jambo la Mola na kwamba wanadamu wamepewa elimu kidogo tu, onyo ambalo lingefaa kuwapunguzia kasi wanaoieleza roho kana kwamba wameishika mkononi.

Matokeo ya njia hii ya pili yanaonekana wazi katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mkusanyaji wa mapokeo ya Mtume Muhammad. Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume, alipomtembelea sahaba mwenzake Abu Dardaa, ambaye Mtume alikuwa amemuunganisha naye kwa udugu, alimkuta mke wa mwenyeji wake amevaa hovyo, akaambiwa kwamba mumewe hana haja na dunia. Chakula kilipoandaliwa, Abu Dardaa alisema amefunga. Salman akakataa kula mpaka naye ale, na akala. Usiku, kila Abu Dardaa alipotaka kuinuka kuswali, Salman alimwambia alale, hadi mwisho wa usiku walipoamka wakaswali pamoja. Ndipo Salman akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopelekewa habari hiyo alisema kwamba Salman amesema kweli. Kosa la Abu Dardaa, kwa hiyo, halikuwa upungufu wa ibada, bali kudhani kwamba mkewe, tumbo lake na usingizi wake viko nje ya ibada.

Watawa wa Kikristo walifika karibu na hapo: kanuni ya maisha ya kitawa iliyoandikwa na Benedikto katika karne ya 6 inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare.

Hata maneno “kwa muda” yanahitaji kurekebishwa hapa. Waislamu na Wakristo hawaamini tu kwamba roho hudumu, bali pia kwamba mwili utafufuliwa. Kwa imani hiyo, mwili ni sehemu ya mtu hata baada ya kaburi, jambo ambalo fundisho la Plato halina nafasi nalo.