Kabonidayoksaidi ikipanda kwa mgonjwa wa ARDS: maswali na majibu

ARDS ni nini?
Ni hali ya mapafu yote mawili kuvimba na kujaa majimaji ghafla, kwa kawaida ndani ya wiki moja tangu chanzo chake kianze: nimonia, sepsisi (maambukizi yanayodhuru mwili mzima), kupaliwa na matapishi au majeraha makubwa. Oksijeni ndiyo hushuka kwanza. Kabonidayoksaidi hupenya kirahisi zaidi, hivyo mwanzoni inaweza hata kuwa chini, maana mgonjwa anahema mbio.

Kiwango cha kawaida ni kipi?
Katika damu ya ateri ni 35 hadi 45 mmHg (milimita za zebaki, kipimo cha shinikizo). Damu hiyo mara nyingi huchukuliwa kwenye kifundo cha mkono. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni hakipimi kabonidayoksaidi. Kinaweza kusoma oksijeni 95% huku gesi hiyo ikiwa imeshapanda sana.

Mbona madaktari wakati mwingine wanaiacha ipande?
Kwa sababu kuishusha kwa nguvu kunaumiza mapafu. Sehemu iliyobaki nzima ni ndogo, na mashine ya kupumulia ikisukuma pumzi kubwa, sehemu hiyo hutanuliwa kupita kiasi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2000, wenye wagonjwa 861, ulilinganisha pumzi ya mililita 12 kwa kilo na ya mililita 6. Waliopewa pumzi kubwa walikufa 39.8%, waliopewa ndogo 31%.

Kilo hizo hazitoki kwenye mizani, hutokana na urefu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Mwanamke: 45.5 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4). Mwanamume huanzia 50. Mwanamke wa sentimita 160 anapata kilo 52.4, kwa hiyo pumzi yake ni kama mililita 314, awe mwembamba au mnene.

Kwa hiyo kabonidayoksaidi nyingi haina madhara?
Hapana, inaweza kudhuru, na swali hili halijibiki kwa namba moja. Mtu anaweza kuwa na 60 kwa sababu mashine inampa pumzi ndogo kwa makusudi. Mwingine ana 60 ilhali anapewa hewa nyingi, ila hewa hiyo inaingia kwenye vifuko visivyofikiwa na damu na kutoka bure. Huyu wa pili ndiye wa kuogopewa. Utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kadiri sehemu ya pumzi inayopotea hivyo inavyokuwa kubwa, ndivyo uwezekano wa kufa unavyoongezeka.

Watatofautishwaje?
Kwa hesabu ya kando ya kitanda. Zidisha hewa ya dakika nzima (mililita) kwa kabonidayoksaidi, kisha gawanya kwa kilo za urefu × 100 × 37.5. Mwenye mapafu mazima hupata karibu 1. Yule mwanamke akipumulishwa mara 28 kwa dakika, kwa mililita 314, na gesi ikiwa 60, jibu ni 2.7: sehemu kubwa ya hewa anayopewa inapotea.

Mpaka wa kuvumilia uko wapi?
Hutazamwa zaidi pH, yaani kipimo cha asidi ya damu: kabonidayoksaidi ikizidi, asidi huongezeka na pH hushuka. Utaratibu wa utafiti ule wa 2000 ulilenga 7.30 hadi 7.45, na hatua kali zilianza ikishuka chini ya 7.15. Kabonidayoksaidi ikipanda polepole, figo hupata nafasi ya kuhifadhi bikaboneti na kupunguza makali. Ikipanda kwa saa chache, mishipa ya mapafu hujibana na upande wa kulia wa moyo huelemewa. Mwenye shinikizo kubwa ndani ya fuvu, kwa mfano aliyeumia kichwa, asiachiwe ipande kabisa: gesi hii hutanua mishipa ya ubongo.

Hufanyika nini ili ishuke?
Kwanza mambo madogo. Kohozi linyonywe, na kichujio cha unyevu kilichopachikwa kwenye mrija kibadilishwe kwa kifaa cha kupasha maji joto, maana kichujio hicho hushika hewa iliyotumika na kumrudishia mgonjwa. Halafu idadi ya pumzi iongezwe, mwisho 35 kwa dakika. Isiongezwe kiholela: pumzi ikikosa muda wa kutoka, hewa hurundikana kifuani na presha ya damu hushuka. Mgonjwa aliyezidiwa hulazwa kifudifudi saa 16 au zaidi kwa siku. pH ikibaki chini ya 7.15 hata baada ya hayo, pumzi huongezwa mililita 1 kwa kilo, hatua kwa hatua.

Na mashine za kuchuja kabonidayoksaidi nje ya mwili?
Zinaishusha kweli. Lakini jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021, kwa wagonjwa 412, halikuokoa maisha zaidi: vifo ndani ya siku 90 vilikuwa 41.5% kwa waliochujwa na 39.5% kwa wasiochujwa.

Ndugu wa mgonjwa aulize nini?
"pH ni ngapi, na hewa anayopewa imeongezwa tangu jana?" Kabonidayoksaidi ikibaki palepale huku hewa ikizidi kuongezwa, mapafu yanadhoofika. Na mgonjwa ambaye bado hajawekwa kwenye mashine, akianza kusinzia na kuchanganyikiwa huku kuhema kwake kukipungua, hajapata nafuu; muuguzi aitwe palepale.