Tamthilia ya Mfululizo Si Filamu Ndefu

Kauli kwamba tamthilia ya mfululizo ni filamu ndefu iliyokatwa vipande imezoeleka mno Mombasa hata imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Utaisikia kwa muuza muvi wa Mwembe Tayari anapomjazia mteja flashi, utaisikia kwa vijana wa barazani Kibokoni wanaobishana ipi inavutia zaidi kati ya muvi na sirizi, na utaisoma pia kwa wahakiki ambao kazi yao hasa ni kupambanua mambo yasichanganyike. Ubishi huo juu ya mvuto ni ubishi mzuri na una faida, lakini hauwezi kufika popote maadamu wanaobishana hawajajua wanalinganisha nini na nini.

Fasili yenyewe haina urefu. Filamu ni kazi ya picha zinazotembea iliyotungwa ili itazamwe kwa kikao kimoja, mwisho wake ukiwa ndio unaoipa maana yote yaliyotangulia. Tamthilia ya mfululizo ni kazi iliyotungwa kwa sehemu, kila sehemu ikiwa na mwanzo wake na kituo chake, na baina ya sehemu na sehemu pakiwapo nafasi ambayo mtunzi anaijua na kuitegemea. Anayetaka kujua maana tu anaweza kuishia hapa. Kinachostahili kuelezwa zaidi ni ile nafasi, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa.

Urefu hautofautishi chochote. Filamu ya Kihindi ya Sholay, iliyotoka mwaka 1975, inazidi saa tatu, ilhali tamthilia nyingi za vichekesho za Uingereza huwa na msimu wa sehemu sita za nusu saa, kwa hiyo msimu mzima huisha kabla ya Sholay kwisha. Wala tofauti haiko katika ukubwa wa kioo. Mwaka 1914, miaka mingi kabla ya televisheni kuingia majumbani, kumbi za sinema za Marekani zilikuwa zikionyesha The Perils of Pauline sehemu baada ya sehemu, na watazamaji wakirudi kujua yaliyompata binti yule. Huo ulikuwa mfululizo, ingawa ulionyeshwa ukumbini. Kwa upande wa pili, Duel ya Steven Spielberg ilitengenezewa televisheni mwaka 1971 na hakuna anayeiita tamthilia ya mfululizo, maana ilitungwa kuwa kisa kimoja cha kikao kimoja.

Tofauti iko katika kituo, na kituo si sawa na mkato. Doti ya kanga ni vipande viwili vinavyouzwa pamoja, lakini kila kipande kina pindo lake pande zote na jina lake. Ukichukua kitambaa cha gora ukakipiga mkasi katikati hupati kanga mbili, unapata vitambaa viwili visivyo na pindo. Sehemu ya tamthilia iliyotungwa vyema ina pindo. Mtunzi ameamua mapema kwamba hapa mlango utagongwa, hapa barua itafunguliwa, hapa mtu aliyedhaniwa amekufa ataonekana kwa mbali, na ameamua pia kwamba baada ya hapo mtazamaji ataachwa peke yake na swali kwa siku moja, au wiki, au miezi.

Ushahidi ulio karibu nasi kabisa ni tamthilia za Kituruki, hizi ambazo wengi wa huku Pwani wamezizoea, hasa baada ya Azam TV kuanza kuzitia sauti za Kiswahili. Nyumbani kwao Uturuki, tamthilia hizo huonyeshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja mara nyingi huzidi saa mbili. Zinapouzwa nje, kila sehemu hugawanywa mara mbili au tatu ili ienee katika ratiba ya saa moja. Ndiyo maana mtazamaji wa Mombasa huona kipindi kikikatika ghafla mtu akiwa hajamaliza kujibu swali la kawaida, kisha siku ya pili kikamalizika kwa kishindo kinachomnyima usingizi. Watu hulalamika kwamba watunzi wa Kituruki hawajui kumaliza. Wanajua sana. Mtazamaji ameonyeshwa mkato wa muuzaji katikati ya sehemu, na kituo cha mtunzi amekipata siku ya pili. Anayeshikilia kwamba mfululizo ni filamu iliyokatwa angetafakari jambo hili: kama kauli yake ingekuwa kweli, mikato yote miwili ingekuwa na ladha moja.

Yupo mtunzi aliyelifanya jaribio hili kwa kazi yake mwenyewe. Ingmar Bergman wa Uswidi alitunga kisa cha mke na mume wanaoachana, kikaonyeshwa katika televisheni ya nchi yake mwaka 1973 kwa sehemu sita zenye jumla ya karibu saa tano. Kisha kikapunguzwa kikawa filamu isiyofika saa tatu kwa ajili ya kumbi za sinema. Waigizaji ni wale wale, maneno mengi ni yale yale. Lakini katika televisheni, kipindi kirefu cha maisha kilichopita baina ya sehemu na sehemu kilikutana na wiki nzima iliyompita mtazamaji sebuleni kwake, na pengine na ugomvi wake mwenyewe na mwenzake katika wiki hiyo. Katika filamu, miaka hiyo hupita kwa kupepesa jicho. Mtu anaweza kuipenda filamu zaidi, na mimi naelewa kwa nini, kwani hasira yake ni kali na haina pa kutorokea. Asichoweza ni kudai kwamba ametazama kitu kile kile kwa ufupi.

Hata wanaogawa tuzo za Oscar walilazimika kulitazama suala hili. Mwaka 2017 tuzo ya filamu ndefu ya maisha halisi ilikwenda kwa O.J.: Made in America, kazi inayozidi saa saba ambayo iliwahi kuonyeshwa ukumbini kwa jumla, lakini ambayo watazamaji wengi waliipata katika televisheni kwa sehemu tano. Miezi michache baadaye kanuni ikabadilishwa, na kazi za sehemu nyingi zikaondolewa katika mashindano hayo. Wapo walioona kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa watu wa sinema dhidi ya televisheni. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu haukuuliza kazi ina ubora gani, uliuliza imejengwaje.

Hata hivyo, kosa linalonisumbua kuliko hilo la kuuita mfululizo filamu ndefu ni la kuzitia tamthilia zote katika kapu moja, kisha kapu hilo likashindanishwa na filamu. Wakenya wa rika la wazazi wetu walikuwa na Vioja Mahakamani. Kila kipindi mshtakiwa aliletwa, mashahidi wakasikilizwa, hakimu akatoa uamuzi, kesi ikafungwa. Kipindi kilichofuata kilikuwa na kesi nyingine isiyohusiana na ile ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa mahakama yenyewe na nyuso zilizozoeleka. Aliyekosa wiki moja hakupoteza chochote isipokuwa kicheko cha wiki hiyo. Kisha miaka ya 1990 ikaja Tausi, na aliyekosa wiki moja ya Tausi alihitaji jirani wa kumsimulia. Hiyo ya kwanza ni tamthilia ya visa, na kila kisa hufungwa; hii ya pili ni tamthilia ya kisa endelevu. Sultana ya Citizen TV, iliyopeleka mambo ya Pwani katika kila sebule ya Kenya, ni ya aina ya pili. Ukizitazama vizuri utaona kwamba kwa namna kisa kinavyofungwa, Vioja Mahakamani iko karibu na filamu kuliko ilivyo karibu na Sultana, na bado zote mbili zinaitwa sirizi na zinapimwa kwa mizani moja.

Ndani ya kisa endelevu nako kuna mpaka mwingine. Zipo tamthilia ambazo mwisho wake umekusudiwa tangu mwanzo. Zile za Mexico na za nchi za Amerika ya Kusini, ambazo zilijaza jioni za Wakenya kwa miaka mingi, hupita katika sehemu mia moja au zaidi lakini hatimaye harusi hufungwa na mwovu huadhibiwa. Tamthilia za Kiarabu za mwezi wa Ramadhani, ambazo nyumba kadhaa za Mji wa Kale huzifuata kwa madishi yao, kwa desturi huwa na sehemu 30, moja kwa kila usiku, na mtunzi anajua kwamba watazamaji wake wamefuturu, wamekaa pamoja, na kwamba Idi ikiandama kisa lazima kiwe kimekwisha. Lakini Marekani ilizaa aina isiyo na mwisho uliokusudiwa: Guiding Light ilianza redioni mwaka 1937, ikaingia televisheni mwaka 1952, na haikufika mwisho hadi mwaka 2009. Walioianza wakiwa wasichana waliiacha wakiwa bibi wenye wajukuu, kama hawakuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kulinganisha mvuto wa kazi kama hiyo na mvuto wa filamu ya saa mbili bila kusema kwamba moja ina mwisho na nyingine haina ni kutomtendea haki mtunzi wa upande wowote.

Tukishapambanua hivyo, swali la mvuto linajibika. Filamu huvutia kwa sababu haina nafasi ya kupoteza. Mtu aliyekaa gizani katika ukumbi wa Nyali amejitoa kwa saa mbili, hajibu simu, na mtunzi aliye hodari humwonyesha tabia ya mtu kwa jinsi tu anavyolipa nauli au anavyofunga mlango. Mwisho unapofika hurudi nyuma na kubadilisha yote aliyoyaona. Wazee watanikumbusha kwamba katika sinema za zamani za hapa mjini, kama Regal na Naaz, picha za Kihindi zilikuwa na mapumziko katikati, na hilo ni kweli na lina uzito: watunzi wa Kihindi waliyajua mapumziko hayo na wakayajengea swali lake, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba filamu ya Kihindi ina kituo kimoja. Lakini ni kituo cha kunywea soda, na jibu linapatikana usiku ule ule.

Tamthilia endelevu huvutia kwa yale yanayotokea kioo kikiwa kimezimwa. Mama anayeifuata tamthilia yake kila jioni baada ya taarifa ya habari ya Kiswahili huamka na swali lake, huenda nalo Marikiti, hulijadili na muuza nazi, na kufikia jioni amekwisha kutunga majibu yake mwenyewe, mengine yakiwa bora kuliko ya mtunzi. Tamthilia ya Dallas ilimaliza msimu wake tarehe 21 Machi 1980 kwa J.R. Ewing kupigwa risasi na mtu asiyeonekana, na jibu halikutolewa hadi tarehe 21 Novemba mwaka huo, ambapo Wamarekani zaidi ya milioni 80 walikaa kulingoja. Katika sehemu kubwa ya miezi hiyo minane hakukuwa na picha mpya hata moja, na ndiyo miezi ambayo watu walikuwa ndani ya tamthilia hiyo kuliko wakati wowote mwingine.

Hapo ndipo ninapowaelewa vijana wetu na ninapoona chanzo cha kauli yao. Netflix ilipotoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja, tarehe 1 Februari 2013, iliiondoa nafasi na kumkabidhi mtazamaji. Flashi ya Mwembe Tayari ilikuwa imefanya kazi hiyo hiyo. Anayemaliza msimu mzima kwa usiku mmoja, sehemu moja ikimsukumia nyingine kabla hata majina ya waigizaji hayajapita, kweli huona kitu kinachofanana na filamu ndefu, na mara nyingi huona filamu ndefu mbaya, yenye marudio mengi na mishtuko inayokuja kila baada ya dakika arubaini na tano kama iliyopangiwa saa. Marudio hayo aliwekewa mtu aliyesahau kwa wiki nzima. Mishtuko hiyo aliwekewa mtu atakayeibeba hadi kesho. Akiiona ni kasoro, inafaa akumbuke kwamba ameitazama kazi kwa namna ambayo haikutungiwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ameona muvi moja ya Kituruki yenye vipande mia na kwamba inashinda filamu zote, hapana haja ya kumkatiza furaha yake. Mwambie kwa upole kwamba aliyoiona ni tamthilia ya mfululizo, ya kisa endelevu, na kwamba vile vipande mia alivyovihesabu huenda kwa watunzi wenyewe vilikuwa sehemu arubaini tu. Kisha muulize aliitazama kwa muda gani, kwa sababu kama aliimaliza kwa siku tatu na jirani yake aliifuata kwa miezi sita, wawili hao hawajaanza bado kuzungumza juu ya kitu kimoja.