Haya, niambie hiyo "ku" imetoka wapi

Sentensi ni ileile kila mara: "Kiswahili unacho tangu utotoni, kukifundisha kuna ugumu gani?" Safari hii imetoka kwa mwalimu mwenzangu, tena wa Kiswahili. Ndiyo maana naandika.

Basi tuanze na kula. Tunasema "anakula" lakini "hali", "alikula" lakini "akala", "atakula" lakini "akila". Kwa nini ku- inakuja na kuondoka? Wazawa wengi hawajui, na hawana sababu ya kujua. Mwalimu anayo.

Jibu liko kwenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Shina -la lina silabi moja tu, kwa hiyo mkazo unamwangukia jirani aliyetangulia. Viambishi na-, li-, ta-, me- na nge- haviwezi kuubeba, basi ku- inaitwa kusaidia. Ki-, ka-, ja- na hu- vinaweza, hivyo ku- inabaki nyumbani. Kikiingia kiambishi cha mtendwa, chenyewe kinabeba mzigo: "simba anamla swala", wala si "anakumla". Mtego uko kwenye "hakula". Wengi watakuambia hiyo ni ku- ya "alikula". Siyo! Ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita, ileile ya "hakusoma". Ukizichanganya, mwanafunzi makini atakuuliza mbona "hakusoma" ina ku- wakati "alisoma" haina, nawe utaanza kutafuta chaki.

Mgeni anayeanza kujifunza Kiswahili humpi haya yote siku ya kwanza. Mpe "ninakula, nilikula, nitakula", aidhanie -kula kuwa shina zima. Ukanushi uje baadaye. Ngeli vilevile: A-WA na KI-VI zinatosha kuanzia, watu na vya jikoni, kisu, kijiko, kikombe. Ukimtandikia jedwali zima la ngeli ubaoni, hatarudi. Jambo la kumkalia kooni ni -me-: atasema "mwalimu anavaa miwani" ilhali miwani iko usoni tangu asubuhi. Ni "amevaa". Vivyo hivyo amelala, amekaa, amesimama.

Sasa mbebe mwalimu huyohuyo wa wageni umpeleke Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, mbele ya watoto wanaozungumza Kigogo nyumbani. Somo lote la upatanisho wa kisarufi linakuwa kumfundisha samaki kuogelea, maana Kigogo nacho ni cha Kibantu, ngeli mtoto kaja nazo. Shida yake iko kwingine: "katoto kadogo" badala ya "kitoto kidogo" kwenye insha, au "kwasababu" iliyogandishwa kuwa neno moja. Upande wa Chemba na Kondoa, mtoto wa Kisandawe hali yake ni tofauti kabisa. Lugha yake si ya Kibantu, ngeli za namna hii hana, lakini kwenye mahudhurio ameandikwa Mtanzania, basi anadhaniwa anazo. Wanakalishwa dawati moja, wanapewa zoezi moja, kisha mmoja anaitwa mvivu.

Na mwanafunzi kiziwi? Lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Maelezo yote ya mkazo niliyojivunia hapo juu, kwake ni hewa. Mchoree safu mbili, zenye ku- na zisizo na ku-, azizoee kwa macho.

Orodha ya wafanyakazi inawaita wote hawa "Mwl. Kiswahili". Sina hakika tena kwamba hiyo ni kazi moja. Aliyebobea kwa wageni anaweza kuwa mchanga kabisa mbele ya darasa la nne, na kinyume chake, wala si aibu. Aibu ni kukataa kwamba ni mchanga.

Kuna na hili, ambalo baadhi ya vitabu hulipita kimya. Kanuni inasema "sijala", kwa kuwa ja- inabeba mkazo. Nenda Soko la Majengo, Dodoma mjini, saa saba mchana, usikilize: "sijakula", "hujakula?" Wanaosema hivyo si wageni. Mgeni uliyemkazania "sijala" wiki nzima anamwambia mama ntilie hivyo, anajibiwa "kama hujakula, kaa hapo", na kesho anakuja kuuliza nani amekosea. Mimi huandika zote mbili ubaoni, "sijala" juu, "sijakula" chini. Mtihani bado unataka ya juu.