Kuharisha Kusikosikia Dawa: Sababu Adimu Inayofaa Kuulizwa

Mtu wa Lamu akiharisha wiki mbili huambiwa ana amiba. Akirudi mwezi ujao huambiwa ni homa ya matumbo. Mara nyingi jibu ni sahihi, maana maradhi hayo tunayo. Ninaandika kwa ajili ya wale wachache waliotibiwa amiba mara tatu, mara nne, na tumbo bado halijatulia. Tena husikia joto la ghafla usoni na kifuani, moyo huenda mbio, au kifua hubana na kupiga mluzi kama cha mwenye pumu. Dalili hizi zikikutana kwa mtu mmoja, daktari aulizwe kuhusu uvimbe wa nyuroendokrini.

Uvimbe huu huota kwenye seli zinazotengeneza homoni, ambazo zimetawanyika kwenye utumbo, kongosho, mapafu na kwingineko. Daktari Mjerumani Siegfried Oberndorfer aliueleza mwaka 1907 akiamini kuwa ni mpole. Mwaka 1929 yeye mwenyewe alikiri kwamba unaweza kuenea. Nchini Marekani, wagonjwa wapya walikuwa takriban 1 kwa kila watu 100,000 mwaka 1973, na karibu 7 mwaka 2012, kwa sehemu kwa sababu vipimo vimekuwa bora. Mwingi hukua polepole, na baadhi hauoneshi dalili yoyote kwa miaka.

Ule wa utumbo mwembamba hutoa serotonini. Ini huivunja homoni hiyo kabla haijasambaa mwilini, ndiyo maana dalili nilizozitaja kwa kawaida huanza uvimbe ukishaenea hadi kwenye ini. Vitabu vingi husema uso wa mgonjwa huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, na mgonjwa akasikia joto tu, kisha asisadikiwe. Akina mama wa miaka hamsini ndio huumia zaidi hapa, kwa kuwa huambiwa ni hedhi inayokoma. Joto la kukoma hedhi aghalabu huja na jasho. Hili la uvimbe mara nyingi huwa kavu. Mama anayesikia joto kavu na huku anaharisha asirudishwe nyumbani bila kupimwa.

Kipimo kimoja ni cha mkojo wa saa 24, na hapa ndipo ninapotaka tuwe makini, kwa sababu chakula chetu kinaweza kukiharibu. Ndizi, nanasi, parachichi, nyanya na biringani huongeza kile kinachopimwa, yaani mabaki ya serotonini iliyovunjwa. Viachwe siku tatu kabla na siku yenyewe ya kukusanya. Najua mchuzi wa pwani bila nyanya ni mtihani. Wali na samaki wa kukaanga vitatosha kwa siku hizo. Parasetamoli na baadhi ya dawa za kikohozi pia huweza kupotosha majibu, basi mwambie daktari kila unachomeza. Mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa, kisha wote unaofuata hukusanywa hadi ule wa kwanza wa asubuhi ya pili, nao ukiwemo, na chombo kikae mahali pa baridi. Ukivuka na boti hadi Mokowe kupeleka sampuli Mombasa, itie ndani ya kasha lenye barafu.

Majibu yakiashiria uvimbe, hufuata picha, na kipande cha nyama hutolewa ili kupima kasi ya seli kugawanyika. Uvimbe ambao haujaenea hukatwa, na wengi hupona. Ulioenea hudhibitiwa kwa sindano ya oktreotidi kila baada ya wiki nne, ambayo hupunguza kuharisha na joto na pia hupunguza kasi ya ukuaji.

Utafiti ulionipa matumaini makubwa ni ule wa NETTER-1, uliochapishwa mwaka 2017. Seli nyingi za uvimbe huu zina vipokezi, yaani sehemu za kunasia, vya homoni iitwayo somatostatini. Dawa inayofanana na homoni hiyo hufungwa pamoja na madini ya mionzi yaitwayo lutetiamu, na huenda kama jahazi lenye gati moja tu: likifika kwenye kipokezi hushusha mzigo wake hapo. Wagonjwa walikuwa 229. Baada ya miezi 20, uvimbe ulikuwa haujasonga mbele kwa asilimia 65 ya waliopata lutetiamu, ukilinganisha na asilimia 11 ya waliopata oktreotidi pekee kwa dozi kubwa. Kabla ya tiba hiyo hupigwa picha ya PET, yaani picha ya mwili inayofuata dawa yenye mionzi, kwa dawa ya gali (madini mengine ya mionzi) inayotafuta vipokezi hivyohivyo. Visipoonekana, lutetiamu haitafaa. Mashine za PET zipo Nairobi, lakini si kila yenye PET huwa na gali, kwa hiyo pigeni simu kwanza kabla ya kukata tiketi ya basi.

Aliyekwisha kugunduliwa akumbuke jambo hili: kabla ya upasuaji wowote, hata kung'oa jino, amwambie mtoa dawa ya usingizi au ganzi kwamba ana uvimbe huu. Dawa hizo na mshtuko wa upasuaji vinaweza kufanya homoni zimwagike kwa wingi na shinikizo la damu kuanguka ghafla, na oktreotidi inapaswa kuwa tayari mezani kabla kisu hakijaguswa.