Kipimo cha dawa: dozi au kiwango?

Juzi kwenye daladala ya Buhongwa, Mwanza, mama mmoja alikuwa akimsimulia jirani yake habari za kihisi cha pumzi. "Unapuliza tu, kinakutajia kipimo chako cha dawa." Mwenzake akajibu, "Cha mwanangu nakijua mimi, viwili asubuhi, viwili usiku." Wakaitikiana, kila mmoja na jambo lake.

Kihisi cha pumzi hukagua hewa anayotoa mtu ili kukadiria dawa iliyomo mwilini. Watafiti wanakijaribu kwa dawa za magonjwa ya akili. Maana ni hiyo tu. Tabu iko kwenye "kipimo".

Kutoka kupima tumepata chombo, kazi na jibu, vyote kwa jina moja. Kwenye soko la Mwaloni Kirumba, kipimo ni ndoo ya dagaa. Maabara, ni kile alichoandika daktari. Kwenye bahasha ya dawa, ni ile 2 x 2 ya kalamu. Hiyo ya bahasha ni dozi, neno la Kigiriki lililotufikia kupitia Kiingereza, na asili yake ni kutoa: kile anachopewa mgonjwa. Kilichobaki kwenye damu ni kiwango, na hicho bahasha haikijui.

Chukua litiamu, dawa mojawapo ya magonjwa ya akili. Mvuvi ameshinda juani ziwani, jasho limemtoka, maji hakunywa: dozi ni ileile, kiwango kimepanda, maana figo zinaizuia litiamu isitoke. Akinunua diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo, kinapanda zaidi. Wengi hulengwa milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita; kikipita 1.5, hatari ya sumu ni kubwa.

Wala pumzi haisemi yote. Pombe hugeuka mvuke, ndiyo maana trafiki anampulizisha dereva. Litiamu ni chumvi, haifanyi hivyo. Valproeti, dawa ya kifafa na ya magonjwa ya akili, ina nafuu: mwili ukiivunja hutokea kemikali iitwayo heptanoni, nayo hutoka na pumzi. Hata hapo, kiwango kikiwa chini si ushahidi kwamba mgonjwa ametema vidonge. Inaniuma kuona watu wakishukiwa hivyo nyumbani kwao.

Basi, mama yangu wa Buhongwa, viwili kwa viwili ni dozi ya mwanao, na unamhesabia vizuri. Kama ni litiamu na kliniki wanataka kiwango, mpeleke asubuhi akatolewe damu kabla hajameza vile viwili vya kwanza, saa 12 zikiwa zimepita tangu vya usiku.