Ripeinti ya ndege ya vita kwenye simuleta: maana yake na inavyofanya kazi

Ripeinti ni seti ya picha bapa zinazovishwa ndege ya kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, ili ionekane ya kikosi kingine, ya mwaka mwingine, au hata ya jeshi lingine. Ndege yenyewe haiguswi. Injini ni ileile na mwendo ni uleule. Kuna kijana aliniuliza pale Kariakoo, akisubiri kadi yake ya picha ifungwe, kama Mustang, ndege ya vita ya Wamarekani, ikiwa ya fedha inakimbia kuliko ya kijani. Kwenye simuleta hapana, maana rangi haina uzito. Kwenye ndege halisi ilikuwa nao, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Wamarekani, kuanzia mwanzoni mwa 1944, waziache P-51 (ndiyo hiyo Mustang) na B-17 (ndege kubwa ya mabomu) zitoke kiwandani na bati tupu linalong'aa. Walipunguza kilo na walipunguza muda wa kazi.

Wapenzi wa ndege za abiria huita kitu hichohicho liveri, na wanaocheza michezo ya mapigano ya angani husema skini. Kwa ndege za vita, mimi naona ripeinti ina jambo moja ambalo liveri ya shirika la ndege haina. Ukipaka Boeing rangi za Air Tanzania, umeonyesha kampuni. Ukipaka Hurricane, ndege ya vita ya Waingereza, umetoa dai: kwamba ndege fulani, ya kikosi fulani, mahali fulani, mwezi fulani, ilionekana hivi. Dai linaweza kuwa kweli au uongo, na kuna watu watakaolikagua.

Tuanze na ufundi. Ndege ya kwenye simuleta ni umbo tupu la pande tatu, lililoundwa kwa maelfu ya pembetatu ndogo zisizo na rangi. Rangi yote iko kwenye picha za mraba zinazoitwa tekscha. Umbo lina ramani, mafundi huiita UV, inayoiambia kompyuta ni sehemu gani ya picha inakwenda wapi kwenye ndege. Ukiifungua tekscha ya ndege kwa mara ya kwanza utachanganyikiwa: bawa limelala huku, nusu ya kiwiliwili kule, usukani wa mkia uko kichwa chini miguu juu, na vifuniko vya magurudumu vimebanwa kwenye kona. Ni kama vipande vya kitenge mezani kwa fundi cherehani kabla havijashonwa. Unachora juu ya vipande, simuleta inashona.

Mshono ndipo kazi inapoharibika. Mstari wa mabaka unaotoka kwenye kiwiliwili kwenda kwenye bawa unavuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, na pengine vipande hivyo viko kwenye picha mbili tofauti zenye vipimo tofauti. Ukikosea kidogo, baka la kijani linakatika ghafla. Baya zaidi ni pale mtengenezaji wa ndege alipotumia kipande kimoja kwa pande zote mbili ili kubana nafasi. Hapo herufi ulizoandika upande wa kushoto zitatokea upande wa kulia zimegeuka, kama zinasomwa kwenye kioo, na huna la kufanya isipokuwa kuchagua ndege nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuanza, bandika herufi moja kubwa upande mmoja, iwashe ndege, kisha izunguke uitazame.

Watengenezaji wengine hutoa faili lenye tabaka zilizotenganishwa: tabaka la riveti (misumari inayoshikiza bati) na maungio ya bati juu, vivuli katikati, rangi chini. Ukilipata, nusu ya safari umeimaliza, kwa sababu unabadilisha rangi bila kufuta riveti. Usipolipata, unajenga tabaka hizo mwenyewe juu ya picha iliyopo, kazi ya kuumiza macho. Programu ya kuchorea ya GIMP ni ya bure na inatosha, na Blender, programu ya maumbo ya pande tatu, inakusaidia kuona umbo kabla ya kuingia kwenye simuleta.

Simuleta za siku hizi hazitosheki na picha moja ya rangi. Kuna picha ya pili inayosema uso uko laini au umekwaruza kiasi gani, na wapi ni chuma na wapi ni rangi. Ya tatu inadanganya mwanga ili riveti zionekane zimetokeza ilhali uso ni bapa. Wengi wanaoanza hubadilisha ile ya rangi tu, halafu wanashangaa kwa nini ndege yao ya mabaka inang'aa kama sufuria mpya. Rangi za kivita za wakati ule zilikusudiwa kutong'aa, kwa hiyo ni lazima uiguse na ile ya pili.

Sasa tuje kwenye dai lenyewe, kwa mfano unaotugusa huku. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia askari wa Tanganyika wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, walipelekwa Burma, wakiwa na wenzao wa Kenya, Uganda na Nyasaland, kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 waliteremka na bonde la Kabaw katikati ya mvua, na mahitaji yao mengi yalidondoshwa kwa ndege. Tuseme unataka kupaka Hurricane iliyoruka juu ya vichwa vya mababu hao. Kwenye simuleta unayo Hurricane ya 1940, ile ya vita vya angani juu ya Uingereza. Rangi ya msingi haitakusumbua: Hurricane nyingi za Burma ziliendelea na kahawia ya udongo na kijani kizito, hata baada ya ndege za kivita za mchana kule Ulaya kubadilishiwa kahawia kwa kijivu mwaka 1941.

Alama ya duara ndiyo inayobadilika. Ile ya Uingereza tunayoizoea ina kitovu chekundu. Wajapani walikuwa na duara jekundu tupu, na msituni, kwa sekunde moja ya kutazama juu, nyekundu yoyote ilimaanisha adui. Kwa hiyo kwenye eneo hilo Waingereza waliiondoa nyekundu kabisa, wakabaki na buluu nzito na buluu hafifu au nyeupe katikati, na kwenye mkia vivyo hivyo. Wamarekani nao walifuta kitone chekundu katikati ya nyota yao Mei 1942, kwa sababu hiyohiyo. Ripeinti ya Burma ya 1944 yenye kitovu chekundu ni ripeinti iliyoanguka mtihani kwenye swali la kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo brashi haiwezi kulitatua. Hurricane ya 1940 ina bunduki 8 ndogo zilizofichwa ndani ya mabawa. Ile ya IIC, iliyotumika sana Burma, ina mizinga 4 ya milimita 20 iliyochomoza mbele, na nyingi zilikuwa na kichujio kikubwa cha vumbi chini ya pua. Mizinga na kichujio ni umbo, na ripeinti haifiki kwenye umbo. Unaweza kupaka rangi sahihi kwa kila senti ya nafasi na bado ukawa umeivisha nguo ya mjukuu ndege ya bibi yake. Angalia modeli kwanza, rangi baadaye.

Uchakavu ni mada ninayoipenda kuliko zote, na ndiko watu wanakozidisha chumvi. Mtu akijifunza kuchora mikwaruzo anaimwaga kila mahali. Rangi haichubuki ovyo. Kwenye Spitfire, ndege nyingine ya vita ya Waingereza, kilango cha rubani kiko kushoto, kwa hiyo shina la bawa la kushoto ndilo lililokanyagwa kila siku. Masizi yanaanzia kwenye mabomba ya moshi na kurudi nyuma kufuata upepo. Matundu ya bunduki yalizibwa kwa vitambaa vyekundu ili unyevu na uchafu visiingie, na risasi za kwanza zilivitoboa. Kwa hiyo ukichora vitambaa vizima huku chini ya bawa kuna masizi meusi ya baruti, umejipinga mwenyewe. Na kabla ya kuchora mchubuko wa fedha, uliza chini yake kuna nini. Nyuma ya kiwiliwili cha Hurricane kuna kitambaa kilichotandikwa juu ya fremu. Hakuna bati la kuonekana. Mosquito, nayo ndege ya vita ya Waingereza, ni ya mbao. Nimeona Mosquito zilizopakwa vizuri mno, zikitokwa na aluminiamu isiyokuwepo.

Ushahidi wenyewe mara nyingi ni picha za rangi nyeusi na nyeupe, na hizo zina hila zake. Aina moja ya filamu iliyotumika sana zamani haikuona nyekundu, ikaigeuza nyeusi, na njano nayo ikatoka nzito kuliko ilivyo. Mduara wa njano kuzunguka alama unaweza kuonekana mweusi kabisa. Mtu asiyejua hilo anachora mduara mweusi na anaapa kwamba ameuona kwa macho yake.

Tarehe nayo ina nguvu. Chukua mistari ya uvamizi wa Normandy, mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, yenye upana wa inchi 18 kwa ndege za injini moja. Ilipakwa siku chache tu kabla ya tarehe 6 Juni 1944, sehemu nyingi kwa brashi na kwa haraka, kingo zikienda upande. Wiki chache baadaye ikaanza kufutwa sehemu za juu. Ripeinti yenye mistari iliyonyooka kama ya rula, juu na chini, na maelezo yanayosema ni Oktoba 1944, ina makosa mawili kwenye mstari mmoja.

Si lazima utoke nje ya nchi kutafuta habari. Julai 1915, ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuielekeza mizinga ya manowari zao Severn na Mersey dhidi ya meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Mojawapo ilikuwa Henri Farman, iliyopigwa tarehe 11 Julai ikaangukia mtoni, na watu wake wawili wakaokolewa na Mersey. Ndege za namna ile hazikuwa na mabaka. Zilikuwa kitambaa cha kitani kilichopakwa vanishi, rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo, na kazi yote ya mchoraji iko kwenye vivuli vya mbavu za mbao zinazoonekana kwa ndani na madoa ya mafuta karibu na injini. Ukipata umbo lake, hilo ni dai zuri la kutoka Dar es Salaam.

Mwisho wa kazi ni ukubwa wa faili, na hapa kompyuta zetu za mtumba zinahusika. Tekscha ya pikseli 4096 kwa 4096 bila kubanwa inakula megabaiti 64 za kadi ya picha. Ikibanwa kwa mfumo wa DDS inashuka hadi 16, na ndege moja huwa na tekscha kadhaa. Kwa kadi ya gigabaiti 2 tengeneza pia toleo la pikseli 2048, robo ya uzito huo. Wanaonunua bando kwa siku watakushukuru. Vipimo viwe 1024, 2048 au 4096. Ukiandika 3000 simuleta nyingi zitakukatalia. Ifungashe ripeinti kwenye folda yake bila kuandika juu ya faili za asili, taja namba ya ndege uliyoikusudia na mwezi wake, na kama ulitumia tabaka za mtu mwingine, omba ruhusa yake kabla hujaisambaza.