Klorini haimalizi kila kitu bombani
Wengi huamini kwamba maji yakishatiwa klorini mtamboni, bakteria wamekwisha. Sivyo. Kuta za ndani za mabomba huota utando mtelezi, na bakteria waliojificha humo klorini huwafikia kwa shida. Mmoja wao ni Legionella, aliyetambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Hustawi kwenye maji vuguvugu yaliyotuama, na huambukiza hasa kwa kuvuta hewa yenye matone madogo ya maji, kwa mfano wakati wa kuoga. Kuzidisha klorini si suluhisho, kwani hula chuma cha mabomba. Afadhali maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, ya baridi yasizidi 20, na bomba lisilotumika likatwe kabisa.